Mtoto wangu anakisia maneno badala ya kuyasoma. Nimsaidie vipi?

Mama wa Cherehani, Kadutu (Bukavu)

Jambo wazazi, jambo walimu. Mimi ni mshonaji, nina cherehani yangu karibu na soko la Kadutu. Binti yangu wa pili ana miaka minane, yuko mwaka wa tatu wa masomo ya msingi. Naomba msaada wenu, maana jambo hili limeanza kuninyima usingizi.

Jioni wateja wakiisha namkalisha pembeni yangu anisomee. Juma lililopita alikuwa na kijitabu cha picha alichoazima kwa rafiki yake. Kwenye ukurasa mmoja kuna mama amechuchumaa bombani, vyombo vimemzunguka. Chini yake imeandikwa: "Mama anasugua sufuria." Binti yangu akasoma mbio, bila kusita hata kidogo: "Mama anaosha sahani."

Nikamwambia arudie. Akatazama picha, akanitazama mimi, akasema: "Mama anaosha sinia." Nikaweka kidole chini ya neno lenyewe na kumuuliza, hapa imeandikwa nini? Akajibu polepole: "Sabuni?"

Hapo mwili ulinisisimka. Nilikuwa najisifu kwa majirani kwamba mtoto wangu anasoma vizuri, kumbe anashika herufi ya kwanza, anatazama picha, kisha anachungulia usoni pangu aone kama amepata.

Nilikwenda kuonana na mwalimu wake. Alinipokea vizuri, akaniambia ndivyo wanavyowafundisha: mtoto akikwama aangalie picha, aangalie herufi ya kwanza, afikirie neno gani lingefaa pale, na likimshinda aliruke aendelee. Simlaumu mwalimu huyo. Tangu masomo ya msingi yafanywe ya bure hapa kwetu Kongo mwaka 2019 madarasa yamefurika, na siku ile nilihesabu vichwa zaidi ya sitini mle ndani. Atamsikiliza nani mmoja mmoja?

Mimi niliishia mwaka wa sita. Tulifundishwa ba, be, bi, bo, bu kwa fimbo ubaoni, basi. Kwa hiyo nauliza mnaojua:

Je, nimwache akisie? Akikwama, nimwambie nini? Mpaka sasa namtajia neno, tunaendelea, lakini tukilikuta tena ukurasa wa pili anakuwa kama hajawahi kuliona. Na kuna jambo lingine. Pameandikwa "mtoto", yeye anasoma "mutoto". Hapa nyumbani sote tunasema mutoto. Nimsahihishe au niache?

---

Mwalimu Mstaafu, Bagira (Bukavu)

Jambo mama. Umeeleza kwa makini kuliko ripoti nyingi nilizowahi kusoma. Nimefundisha mwaka wa kwanza na wa pili kwa miaka 31, na watoto wa namna ya binti yako nimewaona kila mwaka.

Kwanza tulia. Huyo mtoto ana akili sana. Sahani, sinia, sabuni: maneno yote matatu yanaanza na s, na yote yangeweza kuwepo pale bombani. Amejifunza njia inayomfikisha haraka, na itaendelea kumfikisha maadamu vitabu vina picha. Mwaka wa tano picha zitakwisha. Hapo ndipo nilipokuwa nikiwaona watoto wanaanza kuumwa tumbo kila saa ya kusoma.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza ni hapana, usimwache akisie namna neno linavyosomwa. Kiswahili chetu kina irabu tano tu, na kila irabu ina sauti moja popote utakapoikuta. Mtoto aliyezishika hana sababu ya kukisia. Anza na majina ya manispaa zetu tatu, yasiyo na picha wala kitu cha kuchungulia: Ka-du-tu. Ba-gi-ra. I-ba-nda. Hilo la mwisho lina somo ndani yake. Watoto wengi hukata "I-ban-da" kwa sababu darasani wameshaanza kusikia Kifaransa. Mwonyeshe kwamba n na d pale wameshikana mkono: nda. Vivyo hivyo nyu-mba, ka-nzu, na mtaa wa Ngu-ba kwa wanaoishi ufukweni.

Akikwama, usimtajie neno. Ukimtajia, kazi umeifanya wewe, ndiyo maana ukurasa wa pili halijui. Fanya hivi. Chukua kipande cha katoni, hicho unachotumia kupimia kola. Funika neno lote. Sogeza katoni kulia pole pole, itokee su peke yake. Atasema "su". Sogeza, itokee fu. Aseme "sufu", asirukie silabi mpya peke yake, aanze tangu mwanzo. Kisha ri, "sufuri". Kisha a. Sasa aseme neno zima haraka, kama anavyolisema jikoni. Uso wake utabadilika. Wewe subiri tu, unyamaze, hata kama inachukua dakika nzima. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu kwetu wazazi.

Baada ya hapo ndipo umruhusu atazame picha: je, sufuria iko? Picha aitumie kuhakikisha alichosoma, asiitumie kutafuta atakachosema.

Hiyo ndiyo njia ya kulikata neno kwa mdomo. Kuna kukata kwa namna ya pili, kwa akili, na huko ndiko watoto wakubwa wanakwama bila mtu kugundua. Atakutana na neno kama "walipomwona". Kwa mdomo ni wa-li-po-mwo-na, atalitamka vizuri, na bado hatajua linasema nini. Kwa nini? Kwa sababu hapa kwetu tunasema "wakati walimuona". Ile po hajaisikia nyumbani hata siku moja. Wewe ni mshonaji, utanielewa: nguo ngeni ukitaka kujua imeshonwaje, unaifumua kwenye mishono yake, hukati katikati ya kitambaa. Basi fumua: wa, ni hao watu. li, imekwisha kupita. po, ni wakati ule. mw, ni yeye aliyeonwa. ona, analijua. Mishono hiyo hailingani na silabi, tazama vizuri: kwa mdomo mwo ni pumzi moja, kwa akili mw na ona ni vitu viwili. Usimfundishe mambo haya mawili siku moja. Mdomo kwanza, mpaka usisumbuke tena. Kisha akili.

Swali la "mutoto" nitalirudia kesho, macho yamechoka.

---

Kijana wa Maktaba, Ndosho (Goma)

Papa mwalimu, heshima zote, lakini naomba nitofautiane nawe kidogo. Mimi Jumamosi nakaa na watoto wa kartie yetu, yaani mtaa wetu, tunasoma pamoja. Wapo waliofundishwa silabi tu, silabi tu. Wanasoma "ma-ma-a-na-su-gu-a" sauti moja kama mashine, na ukiwauliza mama anafanya nini, wanakutazama tu. Mtoto wa namna hiyo amesoma nini?

Mimi mwenyewe kila siku nakisia maneno. Juzi nilisoma hadithi ya wavuvi, "nahodha akatia nanga wakalala hapo hapo." Nanga sikuijua. Lakini chombo kimesimama, watu wamelala, upepo upo. Nikajua ni kitu cha kushikilia chombo kisichukuliwe. Sikuhitaji kamusi wala katoni. Tukiwanyima watoto ruhusa ya kukisia, tutawafanya wachukie vitabu. Mama, binti yako alielewa kwamba mama yule anaosha vyombo. Hilo nalo ni kubwa.

---

Mwanafunzi wa Ualimu, Nyawera (Bukavu)

Kaka wa Goma, nadhani wewe na mwalimu mnatumia neno "kukisia" kwa mambo mawili. Wewe ulisoma n-a-n-ga, ulilitamka sawasawa, kisha ukatafuta maana yake kwa maneno jirani. Binti wa mama hajafika huko. Yeye anakisia neno lenyewe ni lipi. Kama ungesoma kama yeye, ungeona "na..." ukasema "nazi", hadithi ingeharibika na usingejua kwamba imeharibika.

Hili tumelisoma darasani mwaka huu, na lina historia. Mwaka 1967 mwanaelimu wa Marekani, Kenneth Goodman, aliandika kwamba kusoma ni kama mchezo wa kukisia: msomaji anachukua dalili chache kwenye maandishi na kujaza zilizobaki kwa akili. Kule New Zealand, Marie Clay naye akafundisha walimu wamwelekeze mtoto kwenye maana, mpangilio wa sentensi na sura ya herufi kwa pamoja. Njia hiyo ilisambaa sana, na ile "tazama picha, tazama herufi ya kwanza" ya mwalimu wa mtoto huyu inafanana nayo mno.

Baadaye watafiti walipopima namna macho yanavyotembea juu ya ukurasa, wakakuta kwamba msomaji hodari hugusa karibu kila neno lenye uzito na kuzitumia herufi zake. Na mtafiti Keith Stanovich akaonyesha kwamba wanaoegemea maneno jirani ili kutambua neno ni wasomaji dhaifu, kwa sababu herufi hazijawatii bado. Uingereza, ripoti ya Jim Rose ya mwaka 2006 ilishauri watoto waanzishwe na sauti za herufi kwa mpangilio, na mtindo wa kutumia dalili nyingi kwa pamoja uachwe.

Ninachotaka kusema hasa ni hiki. Hao walikuwa wanahangaika na Kiingereza, lugha ambayo maandishi yake na matamshi yake havipatani. Walau walikuwa na sababu ya kukata tamaa na herufi. Sisi Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosemwa. Kumfundisha mtoto wa Kadutu kukisia Kiswahili ni kumpa fimbo ya kipofu ilhali macho yake ni mazima. Inaniumiza, nasema kweli.

Hata hivyo kaka, hao watoto wako wanaosoma kama mashine ni tatizo la kweli. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kusoma kama kuzidisha: uwezo wa kutamka maandishi mara uwezo wa kuelewa lugha. Kimojawapo kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Watoto wako wana cha kwanza, wanakosa cha pili. Endelea nao na hadithi zako.

---

Kijana wa Maktaba, Ndosho (Goma)

Hapo kwenye "nazi" umenishika. Nimekubali sehemu hiyo. Lakini Jumamosi bado nitawasomea mimi kwanza, hadithi nzima, kabla hawajagusa silabi hata moja.

---

Mwanafunzi wa Ualimu, Nyawera (Bukavu)

Wasomee! Hilo hakuna anayelipinga.

---

Mama wa Cherehani, Kadutu (Bukavu)

Nawashukuru sana. Nimejaribu katoni kwa jioni tano, narudi na habari.

Jioni ya kwanza alilia. Alizoea kwenda mbio, sasa namfunika neno, akaona namwadhibu. Nikaiacha katoni mkononi mwake mwenyewe, nikamwambia asogeze yeye. Ikawa mchezo. Su. Sufu. Sufuri. Akasimama pale kwenye "sufuri", akarudia mara tatu, akafikia a, akapiga kelele: "Eeh, kumbe sufuria!" Nami nikaiona ile sura ya mwalimu aliyoisema. Nilikuwa na kitenge cha mteja mapajani, nikakiweka chini kwanza.

Jioni ya nne tukakutana na neno "kichujio". Alilitamka vizuri kabisa, ki-chu-ji-o. Kisha akaniuliza: "Mama, kichujio ni nini?" Nami sikujua nimjibu nini haraka, kwa sababu kitu chenyewe tunacho, kimetundikwa ukutani, ila hapa nyumbani tunakiita kwa jina la Kifaransa. Ndipo nikakumbuka mishono. Nikamuuliza: ukipika chai unafanya nini na majani? "Ninachuja." Basi tafuta chuja humo ndani. Akatazama muda mrefu. Akaweka kidole juu ya chuj, akaniambia: "Iko hapa katikati." Akaenda ukutani akakileta.

Sasa anavifumua vyote. Kifuniko, kufunika. Ufunguo, kufungua. Jana ameniuliza kama "mkimbizi" inatoka kwa kukimbia. Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza, maana kwa bibi yake kuna wageni waliokimbia vita na anawafahamu kwa majina.

Mwalimu, bado nasubiri habari ya "mutoto".

---

Mwalimu Mstaafu, Bagira (Bukavu)

Mama, nimefurahi mpaka nimemsomea mke wangu ujumbe wako.

Sasa "mutoto". Mwambie apige makofi: mu-to-to, matatu. Kisha m-to-to, midomo imefungwa kwenye m: matatu vilevile. Ile m ya kitabuni ni silabi kamili, ingawa haina irabu. Kwa hiyo mtoto wa kwetu anayesoma "mutoto" amesoma, hakukisia. Usimkatize katikati ya sentensi. Vivyo hivyo akisema "bitabu" pale palipoandikwa vitabu. Nimeona watoto wakichapwa kwa hilo, wakaacha kabisa kusoma kwa sauti. Mwambie tu: nyumbani tunasema hivi, kitabu kinaandika hivi, neno ni moja. Kwenye imla ndipo awe mwangalifu, asiiandike u.

Lakini utajuaje kama anatazama herufi au amerudia kukisia? Mwandikie kwenye karatasi tupu, bila picha:

mti
mtu
mto

Herufi ya kwanza na ya pili ni zile zile, urefu ni ule ule. Ukishika mwanzo tu utapotea. Kisha mchanganyie na muhogo na muziki, ambamo u imeandikwa kweli, umuulize u iko wapi na haiko wapi. Akipita hapo, muache atamke kama mama yake.

Akichoka na vitabu, mpe wilaya za Kivu ya Kusini. Ziko 8, na hakuna picha ya kumsaidia: Fizi, Uvira, Kabare, Walungu, Kalehe, Mwenga, Shabunda, Idjwi.

---

Papa wa Watatu, Katuba (Lubumbashi)

Naongeza moja kutoka huku Katanga, mama, kabla haijakukuta. Kifaransa kikizidi darasani, herufi zitaanza kugombana. Mwanangu alikuwa anasoma Kiswahili bila shida. Akaanza Kifaransa, ghafla "chakula" ikawa "shakula", kwa sababu kwa Kifaransa ch inasomwa sh. Na kule kwenye Kifaransa akawa anasoma "chat" kama neno la Kiswahili, herufi zote nne zinasikika. Tulipofika "ils mangent" (wanakula) alitaka kuitamka ile -ent yote, ambayo kwa Kifaransa haisikiki, nami nikamgombeza. Nilikosea. Alikuwa anafanya kile kile Kiswahili kilichomfundisha, kusoma kila kilichoandikwa.

Kilichotusaidia ni kaye mbili, yaani madaftari, moja ya bluu kwa Kiswahili, moja ya kijani kwa Kifaransa. Kwenye ya kijani tunaandika vikundi vya herufi vinavyotoa sauti moja: eau, ou, ch, pamoja na ile ent ya mwisho wa vitendo isiyotamkwa. Kabla ya kusoma anataja kwanza ni kaye ya rangi gani. Imechukua miezi. Usiogope ukiona amerudi nyuma kidogo.

---

Mama wa Cherehani, Kadutu (Bukavu)

Asante papa, kaye nitanunua mwisho wa juma.

Mwalimu, mti, mtu, mto amezisoma zote. Kwenye mto alisimama, akarudi, akasema "mutu... hapana, mto." Alijirekebisha mwenyewe, na safari hii hakunitazama usoni.

Wilaya amezimaliza saba. Ya nane imetushinda sote wawili. Alifunika kwa katoni, akasoma I, kisha akafika d na j, akasema: "Mama, hapa herufi imezidi moja." Nimwambie nini?

---

Mwalimu Mstaafu, Bagira (Bukavu)

Mwambie ameona vema, kwa Kiswahili imezidi. Jina hilo limeandikwa kwa mkono wa Kifaransa. Kwao j peke yake ni laini, haifiki kwenye j ya "jiko", kwa hiyo huweka d mbele yake kuipa nguvu. I-jwi. Aiandike kwenye kaye ya kijani.